Hidenaga angekuwa hai, Hideyoshi angeharibu vile?

Kitasa: Wadau, Toyotomi Hidenaga, mdogo wake Hideyoshi aliyekuwa mtawala wa Japani, kafariki kwa maradhi mwanzoni mwa 1591 ngomeni kwake Koriyama. Haikupita miezi mitatu Sen no Rikyu, mwalimu wa chai, kaamriwa ajiue. 1592 jeshi likavuka kwenda Korea. 1595 mpwa wao Hidetsugu naye kaamriwa ajiue, kisha wanawake na watoto wake zaidi ya 30 wakauawa kando ya mto pale Kyoto watu wakiangalia. Mi nasema breki zilikatika siku Hidenaga alipozikwa. Mnaonaje?

Mtupori: Breki gani? Huyo ndugu wa kambo alikuwa anakula tu. Majimbo ya Yamato, Kii na Izumi yote yake, karibu koku milioni moja za mpunga kwa mwaka (koku moja inamtosha mtu mmoja kula mwaka mzima), hata mimi ningekuwa mpole.

MamaWawili: Umenikera hapo kwenye "wa kambo". Mama yao mmoja, Naka, wanachobishania watu ni baba tu. Kwetu waliotoka tumbo moja ni ndugu, basi. Mi na kaka yangu tumechangia mama na ndo aliyenilipia ada mpaka namaliza shule, hilo neno lirudishe ulikolitoa.

Mtupori: Dada, mi naongelea Japani, kaka yako kaingiaje?

MamaWawili: Umemuingiza wewe.

Kitasa: Jamani turudi. Kisiwa cha Shikoku 1585, Hideyoshi anaumwa, Hidenaga ndo kaongoza jeshi mpaka Chosokabe Motochika, bwana wa kisiwa hicho, kasalimu amri, kaachiwa jimbo la Tosa tu. Kisiwa cha Kyushu 1587, Hideyoshi kapita magharibi, mdogo wake mashariki kwa njia ya Hyuga. Huyo ndo mlaji?

Fundi Saa: Mnagombea tumbo mnaacha la maana. 1586 Otomo Sorin, bwana wa huko Kyushu, kaenda Osaka kwa Hideyoshi kuomba msaada maana ukoo wa Shimazu unammaliza, Hidenaga kamshika mkono kamwambia mambo ya ndani muone Rikyu, ya serikali njoo kwangu. Haya, wote wawili wameondoka ndani ya miezi michache, nani tena wa kumwambia mzee hapana?

Mtupori: Mnamfanya malaika. Si alipokufa walikuta dhahabu na chumba kimejaa fedha? Mtawa wa Nara kaandika kwenye shajara yake.

MamaWawili: Majeshi yanakula nini, upepo? Na radhi bado hujaniomba.

Mtupori: Haya, "wa kambo" nimefuta, nisamehe dada. Ila Korea asingeizuia, habari ya kuivamia China Hideyoshi kaanza kuisema tangu 1585 na mdogo wake yupo.

MamaWawili: Nimekusamehe. Ila kaisema miaka mitano mdogo wake akiwa hai na hakuna meli iliyong'oa nanga, kamzika tu, mwaka uliofuata jeshi liko Busan, bandari ya Korea. Mi kaka yangu akinikatalia jambo nalala nalo kwanza, hata kama nimeshakasirika.