Ujauzito wa miezi mitano: niache usipa kwa sababu ya zebaki?

Mama_wa_Mwanjelwa:
Wakuu, habari za jioni. Nina ujauzito wa miezi mitano. Juzi mama mkwe katoka Kyela na sado nzima ya usipa wakavu (dagaa wa Ziwa Nyasa) wa Matema, bado wanang'aa. Kabla sijakaanga, jirani kanionyesha kwenye simu kwamba samaki wana zebaki, inaingia kwa mtoto tumboni na kumharibu ubongo. Tangu hapo sado iko juu ya kabati, na mama mkwe ananitazama kama nimedharau zawadi yake. Wifi naye katutumia papa mkavu kwa basi kutoka Dar. Mwanangu wa miaka miwili analilia usipa kila akisikia harufu. Niache wote, au nichemshe nimwage maji ya kwanza? Zebaki yenyewe naijua, mume wangu yuko kwenye makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) Chunya, huwa anarudi nayo kwenye kichupa. Sikujua tu kama inaingia kwenye samaki.

Kijana_wa_Sae:
Bibi zetu walikula samaki wote na tukazaliwa na akili zetu. Kamulia ndimu, kula.

Shangazi_Sokoni:
Ndimu inakata shombo, haitoi zebaki. Ugonile, dada. Nauza samaki mwaka wa 14 na binti yangu ni muuguzi, hili tumeshabishana naye sana. Zebaki ya samaki imeshikana na nyama yenyewe. Chemsha mara tatu, umemwaga mchuzi tu.

Inavyopanda ni hivi: bakteria wa kwenye tope wanaigeuza iwe aina inayonasa mwilini, vidudu vya majini vinaimeza, samaki mdogo anakula vidudu, mkubwa anakula wadogo miaka na miaka. Aliyelimbikiza ni yule wa juu aliyeishi sana: papa, nduaro, nguru mkubwa. Usipa maisha yake ni kama mwaka mmoja na chakula chake ni vidudu, atalimbikiza saa ngapi?

Kaanga usipa wako. Marekani wanamshauri mjamzito ale gramu 225 hadi 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo (hesabu ya samaki mbichi, siyo wakavu wa sado), na mtoto wa umri wa wako kama gramu 30 kwa mlo, mara mbili kwa wiki. Ukiwaacha kabisa, mtoto anakosa mafuta yanayojenga huo ubongo unaouhofia. Papa waachie wanaume, wewe na mtoto msiguse.

Mzee_wa_Marudio:
Mama, mstari wako wa mwisho nimeusoma mara mbili. Hicho kichupa kinakaa wapi? Na mumeo anachomea wapi?

Nimekaa mialoni, kwenye uoshaji wa dhahabu, Makongolosi miaka tisa. Unakamata dhahabu kwa zebaki, unaminya kwenye kitambaa, linabaki bonge jeupe, unaliweka juu ya mkaa. Bonge linageuka njano, unafurahi. Zebaki imekwenda wapi? Imegeuka mvuke, iko kwenye mapafu ya wote waliomo ndani, na kwa mjamzito inavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Mvuke huo hauna rangi, hauna harufu. Mimi mikono inatetemeka mpaka leo, kikombe cha chai najaziwa nusu.

Minamata, Japani, mwaka 1956, ilipita kwenye samaki, kiwanda kikimwaga uchafu baharini. Kina mama wengine hawakuonekana kuumwa, watoto ndio walizaliwa na ubongo ulioharibika. Kwako wewe mlango ni mwingine. Asichomee nyumbani hata mara moja, nguo za kazi zibaki hukohuko. Ikimwagika usifagie, fungua madirisha, toka na mtoto. Kliniki watajie kichupa, siyo samaki tu, mkojo unapimwa.

Mama_wa_Mwanjelwa:
Shikamoo mzee. Nimekusoma nikiwa nimekaa kitandani, na kichupa kilikuwa chini ya kitanda hichohicho, ndani ya soksi. Mwezi wa pili wa mimba alichomea jikoni kwenye kikaango changu, mimi nakanda maandazi pembeni. Kichwa kiliniuma mpaka usiku, nikasingizia mimba.

Nimempigia. Kanyamaza muda mrefu, kisha kasema kesho kutwa anakuja kukichukua. Kwa sasa kiko nje, juu ya paa la banda la kuni, mtoto hafiki. Kliniki ni Jumanne, nitawaambia yote. Kikaango nimekitoboa kwa msumari asije mtu akakiokota akapikia. Usipa nimewakaangia kwenye sufuria, mama mkwe kauliza kikaango kiko wapi.