Baba na mama wa ubatizo: kazi yao hasa ni ipi?

Mzazi_Mpya:
Habari wakuu. Tunataka kumbatiza mtoto katika Kanisa Katoliki. Ndugu wanasema wasimamizi (yaani baba na mama wa ubatizo) lazima wawe wawili, tena ndio watakaomchukua mtoto sisi tukifariki. Ni kweli? Tunayetaka awe msimamizi ni Mlutheri, na huenda siku hiyo akawa safarini.

Katekista_Mstaafu:
Si lazima wawili. Kanuni 873 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu mmoja, mwanamume au mwanamke, au mmoja wa kila jinsia. Wakiwa wawili hawahitaji kuwa mume na mke.

Sifa ziko kanuni 874: awe ametimiza miaka 16 (askofu anaweza kupanga umri mwingine), Mkatoliki aliyepokea Ekaristi na Kipaimara, anaishi imani yake, hana adhabu ya Kanisa, na si baba wala mama wa mtoto. Panapokwama mara nyingi ni Kipaimara. Watu huchagua mtu kwa heshima yake, au kwa mfuko wake, halafu ofisi ya parokia ikidai vyeti inaonekana hajakipokea. Ulizeni mapema, kabla hamjamwambia mhusika.

Huyo Mlutheri anaweza kusimama kama shahidi wa ubatizo, ila awepo na msimamizi Mkatoliki. Peke yake hapana. Na msimamizi akiwa safarini, mwakilishi husimama kwa niaba yake. Mkubaliane na padre kabla, maana anayeandikwa kuwa msimamizi ni yule aliyemtuma.

Shemasi_K:
Hilo la kumchukua mtoto ni imani ya mitaani tu. Ubatizo haumpi mtu haki ya malezi kisheria. Mkitaka awe mlezi, andikeni wosia.

Kazi ya msimamizi inaanza kwenye ibada yenyewe. Padre humuuliza kama yuko tayari kuwasaidia wazazi, naye humwekea mtoto alama ya msalaba kwenye paji la uso, humkataa Shetani na kukiri imani pamoja na wazazi. Baadaye ni kumwombea, kumfuatilia katika mafundisho na kuwa mtu ambaye kijana anaweza kumuuliza maswali ya imani asiyothubutu kuwauliza wazazi. Zawadi si wajibu. Kwa maoni yangu, zawadi ndizo zinazowafanya wengine wakwepe simu za watoto wao wa ubatizo.

Kanuni 893 inashauri huyohuyo amsimamie pia kwenye Kipaimara, ambapo humwekea mkono wa kuume begani.

Mzazi_Mpya:
Asanteni sana. Na tukigombana naye, tunaweza kumbadilisha?

Katekista_Mstaafu:
Daftari la ubatizo linaandika kilichotokea siku ile, kwa hiyo jina halifutwi kwa sababu ya ugomvi. Kwenye Kipaimara mnaweza kumweka mwingine.

Mwanasheria_wa_Kanisa:
Nyongeza kidogo. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilizuia ndoa kati ya msimamizi na mtoto wake wa ubatizo; ya 1983 imekiondoa kizuizi hicho kwa Kanisa la Kilatini, ndilo la Wakatoliki wengi. Makanisa Katoliki ya Mashariki, yaliyo chini ya Papa lakini yenye sheria zao, bado yanacho, na kinagusa hata ndoa ya msimamizi na mzazi wa mtoto. Familia yenye mchanganyiko wa madhehebu hayo iulize kwanza.