Mashine ya kuvika springi kitambaa: mpya ya altrasoniki, ya mtumba ya joto, au niendelee kununua springi tayari? (Kigoma)

Mwisho_wa_Reli

Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ya magodoro na sofa hapa Gungu. Godoro langu la springi za mifuko, lile ambalo kila springi imevikwa kitambaa chake, limeanza kukubalika kwenye gesti na lodge za mjini na Kasulu. Springi nazileta kwa marobota kutoka Dar, zimegandamizwa na kuviringishwa. Nikifungua zinajaa zenyewe, naweka sponji pembeni na juu, navika kitambaa, nafunga ukingo kwa cherehani, kazi imeisha.

Kinachonisumbua ni kwamba siamui kitu. Mteja akitaka upana usio wa kawaida, au springi ngumu zaidi upande wa kiuno, sina la kumwambia. Mzigo nao ukikwama njiani, vijana wanakaa.

Nafikiria mashine yangu mwenyewe. Kuna mpya kutoka Foshan, China, inayounga kitambaa kwa altrasoniki, yaani kwa mtetemo wa kasi sana. Kuna ya mtumba inayounga kwa joto, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha. Au niendelee na marobota. Bei sitazitaja hapa maana kila anayeuliza anapewa yake. Mnashaurije?

Fundi_Waya

Mkuu, nimefanya kazi na mashine hizi kiwandani Dar, ngoja niseme ninachokijua.

Kuvika kitambaa ni kipande tu cha safari. Waya unatoka kwenye gurudumu lake, unavutwa na roli, unapindwa kuwa springi, kisha springi inapitishiwa umeme kwa muda mfupi sana ipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Hapo wanunuzi wengi hawapaangalii. Waya uliopindwa ukiwa baridi una mkazo ndani yake, na usipopashwa moto springi inafupika ikishalaliwa. Baada ya hapo inapozwa, inabanwa hadi inakuwa bapa, inasukumwa katikati ya kitambaa kilichokunjwa, kitambaa kinaungwa kwa urefu na kwa upana, halafu vidole vya mashine vinaipiga springi igeuke na kusimama ndani ya mfuko wake. Kinachotoka ni mnyororo mrefu wa springi.

Mnyororo huo bado si godoro. Unakatwa kwa mistari, mistari inapakwa gundi ya moto na kubandikwa ubavu kwa ubavu, na hiyo ni kazi ya mashine nyingine kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wako: bei aliyokupa ni ya mashine moja au mbili?

Sasa altrasoniki na joto. Kitambaa ni polipropilini isiyofumwa, ndugu wa ile mifuko mbadala tunayobebea nyanya tangu ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019. Kwa springi hutumika cha gramu 60 hadi 90 kwa mita ya mraba. Kinayeyuka kwenye nyuzi 160 na ushee. Mashine ya joto inakibana kwa chuma cha moto, na chuma kikipoa kidogo mshono unaachia, kikizidi kidogo kitambaa kinatoboka. Altrasoniki inakibana kwa nyundo ya titani inayotetemeka kama mara 20,000 kwa sekunde, na joto linazaliwa palepale kinapobanwa. Pembeni hakiungui, mshono unabaki laini, mwendo unakuwa wa kasi.

Kwangu mimi ni altrasoniki. Ila sikwambii ununue.

Mama_Magodoro_TBR

Hongera kwa kuthubutu, kaka. Mimi nauza magodoro hapa Tabora mjini, kwa hiyo nitaongea ya dukani. Mteja wetu anaingia na maneno mawili: "tano kwa sita, inchi nane." Anaongelea sponji. Analibonyeza kwa ngumi, anauliza kama litabonyea, anapanga bei. Godoro la springi wananiulizia watu wa hoteli, wafanyakazi waliohamishiwa huku, na wazee wenye mgongo. Ni wateja wazuri, hawabembelezi bei sana, lakini hawajai dukani. Umeshahesabu mashine itatoa magodoro mangapi kwa siku na nani atayalalia?

Hesabu_Kwanza

Dada hapo juu kagusa penyewe. Tuhesabu.

Godoro la 5 kwa 6 ni sentimita 152 kwa 183. Springi pamoja na kitambaa chake tuseme inachukua sentimita 6.5. Unapata 23 kwa 28, yaani springi 644. Mashine ya kiwango cha kati inayotoa springi 80 kwa dakika inamaliza godoro hilo kwa dakika 8. Saa nane za kazi ni magodoro 60 kwenye karatasi. Punguza kubadilisha waya, kitambaa kukatika na umeme kuzima, bado una 40.

Kigoma mjini, Kasulu na Kibondo kwa pamoja hawanunui magodoro 40 ya springi kwa siku. Mashine itafanya kazi Jumatatu na kulala hadi wiki inayofuata, na mkopo haulali.

Angalia na malighafi. Springi ya mizunguko 6 ya waya wa milimita 1.8 inakula mita 1 na sentimita 13 hivi, uzito kama gramu 22 na nusu. Mara 644 ni kilo 14 na nusu za waya kwa godoro moja. Tani moja haifiki magodoro 70. Waya wenyewe ni chuma chenye kaboni nyingi, si ule wa kufungia nondo, kwa hiyo nao utausubiri kutoka Dar kama unavyosubiri marobota. Shida ya mzigo kukwama haijaondoka, imebadilisha sura tu.

Kibirizi_Bandarini

Mnahesabu Kigoma peke yake kama vile ziwa halipo. Hapa Kibirizi boti zinapakia kila siku mizigo ya Kalemie na Uvira, na Bujumbura si mbali. Mkongo akipenda godoro anachukua ishirini, hachukui moja.

Na springi za mifuko zina faida moja ambayo wauzaji wa Dar hawaifikirii kwa sababu wao hawapakii boti. Hazina fremu ya waya mnene kuzunguka ukingo, kwa hiyo godoro zima likiwa limekwisha kutengenezwa unaweza kuligandamiza na kuliviringisha. Za Bonnell, zile zenye kiuno chembamba zinazounganishwa kwa waya wa kusokota, zina fremu. Godoro lake haliviringiki, linasafiri likiwa bapa, linachukua nafasi ya magunia ya watu na nahodha anakutoza kwa nafasi. Ila ujue mashine ya kuviringisha nayo ni mashine nyingine ya kununua.

Cherehani_Ujiji

Kwani lazima mashine? Kitambaa si kinashonwa tu? Ujiji hapa tuna mafundi wa kutosha, tukate mifuko, tutie springi, tufunge.

Fundi_Waya

@Cherehani_Ujiji usicheke, ndivyo zilivyoanza. James Marshall aliyezibuni huko Kanada karibu mwaka 1900, mifuko yake ilikuwa ya kitambaa cha kushona, na magodoro hayo yalikuwa ya matajiri kwa sababu ya mikono iliyoingia humo. Simmons wa Marekani walipopata mashine ya kuvika springi na kuanza kuuza godoro lao la Beautyrest mwaka 1925 ndipo bei ikaanza kushuka. Sasa chukua zile 644 za ndugu wa hesabu: kila moja uibane, uiingize, uishone ikiwa imebanwa, isikuponyoke. Godoro moja litakula siku kadhaa za fundi. Kwa oda ya mtu mmoja mwenye pesa zake, sawa. Na ukishona tumia pamba nzuri. Kinyume chake, mwenye mashine asijaribu pamba: haiyeyuki, si kwa joto wala kwa altrasoniki.

Fezi_Tatu_Isevya

Niko Tabora, Isevya, natengeneza mota na paneli za mashine za kusaga na kukoboa. Naongezea upande wa umeme.

Mashine za China ni za 380 V, 50 Hz, fezi tatu. Zetu ni 400 V, 50 Hz, kwa hiyo mota zitazunguka vizuri. Hiyo ya mtumba, kabla hujatuma hata senti, omba picha ya kibandiko cha mota. Ikiwa imeandikwa 60 Hz, hapa itapungua kasi kwa moja ya sita na mota zitachemka ukizilisha voteji ileile. Watu wanaletewa vitu hivyo na wanaambiwa "zitafanya tu".

Umeme ukikatika ghafla, mashine ya joto inabaki imeng'ata kitambaa kwa chuma cha moto. Unakuta kipande kimeungua, kimegandia kwenye taya, unakikwangua, halafu unasubiri chuma kipate joto tena. Altrasoniki umeme ukirudi inaanza hapohapo. Lakini inaogopa voteji inayopanda na kushuka, maana kile kisanduku chake kinachotengeneza mtetemo ni elektroniki tupu. Weka stebilaiza kubwa ya fezi tatu, na kifaa cha kukata fezi moja ikipotea. Mashine ya joto mimi naweza kuifufua hapa Isevya kwa hita na utepe wa tefloni. Kisanduku cha altrasoniki kikiungua utanitafuta nikuhurumie tu.

Afadhali moja: mashine za kushonea mifuko mbadala nazo zinaunga kwa altrasoniki. Mafundi waliozizoea wapo Dar na Mwanza. Si kisiwa kama ilivyokuwa zamani.

Na msisahau kompresa. Hizi zinataka upepo wa presha ya bar 6 hivi, na mkavu. Kwa unyevu wa ziwani bila kikausha upepo, maji yataingia kwenye silinda na vali.

Nipo_Nguruka

Uzi mtamu huu. Nafuatilia. Na hizo springi hazipati kutu kwa hewa ya Kigoma?

Fundi_Waya

Zinapata, hasa zikikaa stoo sakafuni kabla ya kuvikwa. Waya uweke juu ya mbao, ufunikwe, robota lililofunguliwa liishe. Kitambaa chenyewe kinapitisha hewa, godoro likitumika vizuri halina shida. Tabora ugomvi ni vumbi la kiangazi: likitanda kwenye kitambaa mshono haushiki.

Mwisho_wa_Reli

Nashukuru sana wakuu, nimepata nilichokuwa sikioni. @Fundi_Waya, swali moja. Je, nikinunua ile ya kuvika kitambaa peke yake, na kazi ya gundi nikaifanya kwa mkono? Vijana ninao.

Fundi_Waya

Inawezekana na kuna karakana ndogo zinaishi hivyo. Unahitaji meza pana iliyonyooka yenye vizuizi pande mbili, na bunduki ya gundi ya moto yenye tangi lake. Mstari wa kwanza unaulaza kwenye kizuizi, unapiga gundi nukta mbili kwa kila springi, moja karibu na juu na moja karibu na chini, mstari wa pili unausukuma. Usipake mfululizo: gundi ikijaa katikati, springi zinashikana kama zimeungwa kwa waya, na ile raha ya kila moja kucheza peke yake inapotea. Vijana wawili waliozoea wanakwenda vizuri. Mashine itawasubiri wao, lakini kwa soko lako hiyo si hasara.

Na hapo ndipo utaanza kuamua mambo yako. Ule mstari wa kiuno ulioutaja unautengeneza kwa waya wa milimita 2.0 badala ya 1.8. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ugumu wa springi unakwenda kwa unene wa waya mara nne kwa wenyewe, kwa hiyo umbo likiwa lilelile inakuwa ngumu mara moja na nusu. Usipeleke 2.2 kiunoni, mteja atalala kama amelazwa juu ya gogo.

Hesabu_Kwanza

Mimi bado naona marobota yashike soko la kawaida la 4, 5 na 6 kwa 6, na mashine iingie kwa oda maalumu na za ng'ambo ya ziwa. Asiyekuwa na mnunuzi wa Kongo aliyeweka advansi asinunue mashine kwa matumaini ya Kongo. Na mlipe wakala wa forodha akupe hesabu ya ushuru na VAT kwa maandishi kabla ya kontena kuondoka China.

Kibirizi_Bandarini

Hapo kwenye advansi nakubali. Njoo bandarini nikukutanishe na watu wawili.

Mwisho_wa_Reli

Mrejesho wakuu. Ya mtumba imetoka kwenye hesabu: nimetumiwa kibandiko, ni 60 Hz. Muuzaji wa mpya amekiri bei ya kwanza ilikuwa ya mashine moja, ya kuvika tu, ndiyo hiyo ninayoitaka. Nimemwomba video ya mashine ikitoa springi za 1.8 na 2.0 mfululizo bila kukata, menyu iwe ya Kiingereza, na nyundo ya akiba, visu na sensa viingie kwenye bei. Sijalipa kitu. Marobota yanaendelea.

@Fundi_Waya, kwa springi ya urefu wa sentimita 20, kitambaa niandike gramu 70 au 80?

Fundi_Waya

80. Springi ndefu ikibanwa ndani ya mfuko inausukuma mshono muda wote. Kwenye video waambie wachukue mnyororo uliotoka, wauvute kwa mikono miwili mshono uonekane: kitambaa kichanike chenyewe, mshono usifunguke. Na wakaribishe kamera kwenye ncha za waya, ziwe zimepinda kuelekea ndani. Ncha ikichomoza nje, hata gramu 90 itatoboka.