Fundi wa lifti kapiga kisigino sakafuni, ananiambia "zege hilo". Nina hasira, nisikilizeni

Mwana wa Grisi (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, mkiona herufi zimeruka mnisamehe. Katoka hapa sasa hivi, hata vumbi la drili halijatua. Yule. Jina silitaji na hakuna haja, kila mwenye gereji humu ama kashapitiwa na huyo mtu ama kasimuliwa. Yule anayekuja na drili moja, nyundo moja na maneno ya kujaza lori.

Kapiga kisigino. Wakuu, kapiga KISIGINO.

Ngoja nirudi nyuma. Nimenunua lifti ya kuinulia magari, ya nguzo mbili, ya tani 4. Miaka yote nimelala chali chini ya magari ya watu, jeki upande huu, stendi upande ule, mgongo umekuwa kama nondo iliyopindwa. Nikasema sasa basi, na mimi nifanye kazi nimesimama. Kitabu chake nimekisoma jalada hadi jalada. Kinasema zege lisipungue unene wa inchi 4, liwe limekaa siku 28 tangu limwagwe, na bolti isitobolewe karibu na ufa wala ukingo. Sakafu hii sikuimwaga mimi, nimeikuta. Kwa hiyo nikamwambia mapema, kwa adabu kabisa: mkuu, kabla ya yote toboa tundu moja la majaribio tujue zege lina unene gani.

Akacheka. Kicheko kirefu cha mtu aliyeulizwa na mtoto jua linalala wapi.

Tundu la kwanza likaenda sawa, drili inalia, vumbi jeupe linatoka. La pili hivyo hivyo. La tatu ikalia kidogo tu, halafu ghafla ikazama yote hadi shingoni. Aliyewahi kushika drili anakijua kile kitu, mkono unakwenda wenyewe kama umekosa ngazi. Akaichomoa. Ncha imetoka na udongo. Udongo wakuu! Mweusi, wenye unyevu, umejiviringisha kwenye meno ya drili, ungepanda mbegu pale ingeota kabla ya jioni. Yeye akaufuta kwenye suruali, akahamia tundu la nne kama hakuna kilichotokea.

Nikamwambia simama, hapa zege halifiki hata inchi 3. Ndipo akanyoosha mgongo, akanitazama toka juu hadi chini, akainua mguu, akapiga sakafu mara mbili. Ko, ko.

"Unasikia? Zege hilo."

Kisigino! Cha kiatu kilicholika upande mmoja! Nimetafuta kwenye kitabu kizima, kurasa zote, sijaona mahali pameandikwa pima kwa kisigino.

Na hakuishia hapo. Matundu hakuyapuliza vumbi, na kompresa iko hatua tatu kutoka alipo. Bolti ya tatu anakaza, nati inazunguka, bolti inazunguka, mimi kichwa kinazunguka. Akachukua nyundo akaigonga, akasema itajikaza yenyewe gari likipanda. Itajikaza! Bolti ile inashika kwa kipete cha chini kinachotanuka unapokaza nati. Sasa kikitanukia udongoni kinashika nini, mizizi? Na ile spana inayolia "klik" ukifikia kipimo hana, kavuta kwa mkono hadi sura ikakunjamana, akasema "tayari".

Nguzo ya kulia imeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Nikamletea timazi, akasema jicho lake linatosha. Chini ya bamba la nguzo kaingiza kipande cha bati alichokikunja mara tatu.

Kaipandisha tupu. Loki ya kushoto, ile inayozuia lifti isishuke yenyewe, ikalia ka! Nikasubiri. Nikasubiri. Ningeweza kwenda kunawa mikono nikarudi. Ya kulia ikalia ka! Kebo za kusawazisha pande mbili zipande pamoja hajazigusa kabisa. Anasema zitazoea. Kebo ya chuma inazoea nini jamani, inakwenda shule?

Halafu, wakuu, akasema leta gari. Nikakataa. Mbele ya vijana wangu wawili ninaowafundisha kazi, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua gari lake, akaniambia: "Bosi, kama unaogopa lifti rudi kwenye jeki." Na akapiga kisigino TENA. Ko.

Nitakayesimama chini ya gari lile ni mimi. Na vijana wa watu. Kisigino chake kitakuwa kwake, kimepumzika.

Nisaidieni, maana usingizi leo hauji.

Spana Mbovu

Ni yule wa begi la bluu? Kama ni yule, usiendelee, nimeshaelewa yote. Pole sana mkuu.

Mwana wa Grisi

Ndiye. Begi la bluu, zipu imekufa, amelifunga kwa waya.

Spana Mbovu

Huyo kwangu alipiga goti. Nilipomuuliza unene akapiga magoti, akaweka sikio sakafuni, akagonga kwa kipini cha nyundo, akasema "inchi 6". Nilipokuja kuvunja nilikuta 3 na nusu na mchanga.

Fundi Mkimya

Mbavu sina. Mmoja kisigino, mwingine sikio. Atakayefuata ataonja kwa ulimi.

Jeki ya Babu

Mwanzisha uzi, nikuulize kitu, usikasirike zaidi. Hilo tundu la tatu lilipotoa udongo, wewe ulikuwa wapi hadi akafika la kumi? Umesema ulimwambia simama. Kisha unatusimulia bolti, loki, kebo, bati lililokunjwa. Yaani alisimama, akapiga kisigino, wewe ukanyamaza akamaliza kazi yote? Hapo aliyefungwa si nguzo, ni wewe.

Mwana wa Grisi

Nilimwambia simama mara nne! Kila nikifungua mdomo anapiga kisigino. Hujawahi kupigiwa kisigino wewe, unaongea tu.

Fundi Mkimya

"Hujawahi kupigiwa kisigino" 😂😂 naomba liandikwe kwenye mlango wa gereji.

Mzee wa Zege

Vijana, kicheko kando kidogo. Mwanzisha uzi, usipandishe gari hapo hata la mtoto la kuchezea. Mikono ya lifti ya nguzo mbili inabeba gari ikiwa imening'inia mbele ya nguzo, kwa hiyo uzito unaivuta nguzo iinamie ndani, na bolti za upande wa nje ndizo zinazong'olewa kwenda juu. Zege jembamba halikatiki taratibu ukaona dalili. Linabanduka kipande kizima kuzunguka bolti, kama jino na fizi yake. Na usidanganywe ukazibe lile tundu kwa saruji kisha utoboe hapo hapo. Kata sakafu kwa mashine, chimba, weka nondo, mwaga msingi mpya kwa vipimo vya kitabu cha lifti yako, kisha usubiri siku 28. Siku 28, si wiki moja kwa sababu pameonekana peupe. Loki zirekebishwe kwa kukaza kebo hadi pande zote zilie pamoja, au kwa tofauti isiyozidi ile ya kitabu.

Mwana wa Grisi

Asante mzee wangu, Mungu akuweke. Unaona jinsi mtu mwenye akili anavyoongea? Hakupiga hata kisigino kimoja.

Kanuni Kwanza

Kuongezea kwa mzee. Uingereza wana kanuni za vifaa vya kunyanyulia za mwaka 1998, zile wanazoziita LOLER. Kifaa ambacho usalama wake unategemea kilivyofungwa kinatakiwa kichunguzwe na mtu mwenye ujuzi baada ya kufungwa na kabla ya kuanza kutumika. Kabla, si baada ya kumwangukia mtu. Na mimi nashikilia hapo: aliyefunga asiwe ndiye anayejisainia kwamba amefunga vizuri.

Jeki ya Babu

Huyo wa begi la bluu angesaini kwa kisigino.

Umeme Mkali

Nyie mna bahati, yenu ni zege. Mimi aliyenifungia yangu aligeuza nyaya mbili za umeme wa fezi tatu. Nabonyeza kitufe, mota inanguruma vizuri kabisa, lifti haisogei hata unywele. Mota inazunguka kinyumenyume, pampu haivuti oili, yeye ananiambia "oili ni nzito, iache ipate joto". Nikaiacha ipate joto. Ikapata joto kweli, ikaanza kutoa harufu ya plastiki. Nikabadilisha waya mbili mwenyewe, ikapanda. Mota mpya kabisa imenusurika kwa dakika chache, na mpaka leo nikisikia mtu anasema "ipate joto" natamani kulia.

Dari Fupi

Afadhali wewe. Yangu ilifungwa vizuri, bolti safi, timazi safi, loki zinalia pamoja kama kwaya. Hakuna aliyeangalia juu. Gari la kwanza refu kupanda, paa likakutana na boriti. Nilisikia sauti nikadhani ni loki. Haikuwa loki. Mteja alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi anatazama paa la gari lake linavyokunjika.

Spana Mbovu

Dari Fupi na jina lako 😂 pole sana.

Dari Fupi

Jina nilibadilisha baada ya hapo.

Mwana wa Grisi

Jamani turudi kwenye mada. Kapiga kisigino mbele ya mteja. Mteja aliondoka bila kuaga.

Grisi Tupu

Wateja nao tuwaseme. Mtu analeta pikapu, humwambii kitu, unaweka pedi za mikono vizuri, unapandisha kidogo, unatikisa kujua imekaa sawa, unaona mbele inainuka nyuma inazama. Unashusha, unafunua turubai: mawe. Kajaza mawe nyuma. Namuuliza kwa nini hukusema, ananijibu "hukuuliza". Kitovu cha uzito kimehamia nyuma yote, ningeipandisha hadi juu ingechapa chali. Toka siku ile siinui gari bila kufungua buti, nikute hata maiti nitamshusha kwanza.

Fundi Mkimya

Mimi nilikuta mbuzi. Hai.

Umeme Mkali

Mbuzi alikubali kushuka?

Fundi Mkimya

Alikubali, ila kamba yake alishaila yote, na nusu ya kiti cha nyuma.

Mzee wa Zege

Kutikisa gari likiwa limeinuka kidogo tu toka sakafuni, hapo Grisi Tupu umefanya la maana. Vijana wengi wanapandisha moja kwa moja hadi juu. Na ukishafika juu ishushe ikae kwenye loki, usifanye kazi gari likiwa limeshikiliwa na oili peke yake.

Mwana wa Grisi

Mzee, yangu ikikaa kwenye loki inakaa upande mmoja. Kwa sababu ya KISIGINO.

Jeki ya Babu

Sasa kisigino kimeingia hadi kwenye loki. Bwana mdogo, nenda kalale, kesho kodi mashine ya kukata zege.

Kanuni Kwanza

Mimi kinachonikera kuliko hayo yote ni vijana kushusha lifti bila kuangalia chini. Nimekuta ndoo ya oili imebonyea kama karatasi. Ingekuwa mguu je?

Spana Mbovu

Kinachonikera mimi ni spana namba 10. Nina namba 8, nina 12, nina 13, nina 17 mbili. Namba 10 nimenunua hesabu imenipotea. Zinaenda wapi?

Grisi Tupu

Namba 10!!! Asante kwa kuisema. Mimi nimepaka yangu rangi nyekundu. Ilipotea na rangi yake.

Dari Fupi

Yangu niliikuta kwenye boneti ya gari la mteja aliporudi baada ya miezi mitatu. Imetembea naye muda wote huo haijadondoka. Nilimshukuru kama kaniletea mtoto.

Umeme Mkali

Jirani yangu anazo tano. Najua ni zangu, siwezi kuthibitisha.

Mwana wa Grisi

Wakuu, nimerudi kupima nguzo. Imeinama zaidi ya jioni. Naisimamisha kwa boriti usiku huu, kesho nafungua bolti zote. Nimechungulia lile tundu la tatu kwa tochi, nimeona mchwa.

Spana Mbovu

Pole mkuu. Unapofungua hizo bolti, angalia pembeni ya bamba kama kuna namba 10. Yule wa begi la bluu alipotoka kwangu yangu haikuonekana tena.

Grisi Tupu

Kumbe na yako! Hebu kila aliyewahi kupitiwa naye ahesabu spana zake sasa hivi alete majibu hapa.