MREJESHO: Vizibo vya masikio kwa muziki wa jukwaani

Wakuu, habari zenu. Niliuliza vizibo gani vinamfaa mpenda muziki wa bendi ambaye akitoka ukumbini anabaki na mlio masikioni mpaka asubuhi. Ahsanteni sana nyote mliojibu, hasa mdau aliyeeleza kwamba kwenye desibeli 100 sikio tupu halipaswi kuzidi dakika 15. Huyo ndiye aliyenishtua.

Nimeachana na vya sponji kama mlivyoshauri, nikachukua vya silikoni vyenye kichujio, vinavyopunguza kama desibeli 20. Tofauti ni kubwa mno! Sponji hukata zaidi sauti nyembamba, ndiyo maana muziki ulisikika kama uko nyuma ya ukuta. Hivi vinashusha sauti zote karibu sawasawa: matoazi, solo na rizimu kila kimoja mahali pake, na maneno ya mwimbaji nayapata yote. Nimelala bila mlio wowote, jamani.

Aliyesema nivute sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili ndipo nisukume kizibo, Mungu akubariki. Bila hivyo hakikai.

Kilichogoma ni sikio la kushoto. Nikiimba, kizibo kinalegea na besi inaingia yote. Nimebadili saizi, imesaidia kiasi tu. Halafu sauti yangu mwenyewe inavuma kichwani, ingawa hilo mlishanionya. Kwa kushoto nitajaribu cha kutengenezwa kwa umbo la sikio langu.