Mnaowaambia watu "baruti ni baruti tu, weka kipimo kilekile" mtakuja kuua mtu

Wakuu, habari za muda huu. Huu uzi sio wa kistaarabu sana nawaambia mapema, mwenye roho nyepesi apite zake.

Kwa wasiojua tunaongelea nini, sisi tulioko Texas kuna wengine tunalenga shabaha na msimu ukifika tunaingia porini kuwinda, na wapo tunaojijazia risasi wenyewe nyumbani. Unaokota maganda uliyokwisha piga, unayasafisha, unayarudisha umbo kwenye presi, unaweka praima mpya (kale kadude ka kitakoni kanakowasha baruti), unapima baruti, unakandamiza kichwa cha risasi, basi. Huku ni halali kwa matumizi yako mwenyewe, leseni ya serikali kuu inaanza kukuhusu ukitengeneza za kuuza. Walioko Bongo msiniletee maswali PM, nyumbani kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 na haina mzaha, mambo ninayoongea hapa ni ya huku.

Sasa kilichonitoa povu.

Kuna dogo wetu mmoja ana bunduki ya kaliba ya .308, ya bolti, ile unayofungua na kufunga kwa mkono kila risasi. Huyu dogo alifanya kila kitu kwa adabu. Alichagua baruti ya H4895, akafungua kitabu cha vipimo, akaanzia chini kabisa ya jedwali akapanda taratibu mpaka akafika juu, bunduki ikaipenda, matundu kwenye karatasi yanagusana. Kopo likaisha. Kutafuta jingine hakuna, dukani hakuna mtandaoni hakuna. Akaenda duka moja huku kwetu, muuzaji mtu mzima na ndevu zake akamtolea kopo la IMR 4895 akamwambia ni kitu kilekile hicho, tofauti kampuni tu, si namba unaiona ni moja? Dogo hakukurupuka, akaja kuuliza kwenye grupu letu la WhatsApp. Na humo kwenye grupu kuna wazee, watu wameanza haya mambo yeye bado yuko sekondari. Jibu la kwanza: baruti ni baruti, weka kilekile. Jibu la pili: kilekile mdogo wangu usiogope. La tatu dole gumba.

Akaweka kilekile. Akaenda renji, uwanja wa kulenga shabaha, mchana wa Agosti, Texas hii hii, risasi zimekaa muda wote kwenye dashibodi ya pikapu juani. Ya kwanza ikamkung'uta bega kuliko kawaida. Ya pili bolti ikagoma kufunguka, yaani imegoma kabisa, mpaka msimamizi wa renji akaja kuigonga na nyundo ya mpira ndio ikaachia. Ganda limetoka na alama ya ejekta (kipini kinachotupa ganda nje) imechongeka kwenye kitako, praima imelala bapa mpaka huoni ukingo wake. Dogo ana macho yote na vidole vyote, namshukuru Mungu, ila hapo kilichomsaidia ni chuma kizuri cha ile bunduki, ushauri wenu haukumsaidia kitu.

Na grupu likanyamaza. Wote waliosema kilekile ghafla wako bize.

Sasa sikilizeni. H4895 na IMR 4895 ni baruti mbili. Kila moja ina jedwali lake, na ukiyafungua hayo majedwali kwa kichwa kilekile cha risasi unaona vipimo havilingani. Halafu yule mzee wa dukani anasema tofauti ni kampuni! Hodgdon, ndio hiyo H ya mbele, waliichukua kampuni ya IMR tangu 2003, kwahiyo kampuni inayoziuza ndio moja, baruti ndio tofauti, yaani kageuza kitu chini juu na bado mnamuita mtaalamu. Namba inafanana kwa sababu ya historia tu. 4895 ilikuwa baruti ya jeshi la Marekani kwa risasi za .30-06 enzi za Vita Kuu ya Pili, vita vilipoisha mzee Bruce Hodgdon akanunua mabaki ya serikali akawa anawauzia wananchi kwa jina la 4895, mabaki yalipokwisha wakaja kutengenezewa ya kwao ikarithi namba. H4895 ya leo inatoka Australia, ipo kwenye lile kundi wanaloliita Extreme, imetengenezwa isibadilike sana kwa joto wala baridi. IMR 4895 ni ya mtindo wa zamani, ukiichoma jua presha inapanda nayo. Sasa chukua kipimo kilichokuwa tayari kwenye kilele kwa baruti ya kwanza, hamishia kwenye ya pili, halafu oka kwenye dashibodi mwezi wa nane. Nani anashangaa bolti kugoma?

Na mjue .308 kiwango cha juu cha presha cha SAAMI, wale wanaoweka viwango vya risasi Marekani, ni psi 62,000. Tairi la gari lako lina 35. Hiyo kitu inalipuka sentimita chache kutoka kwenye shavu lako na kuna mtu anakwambia "weka tu". Halafu wanajitetea eti si angeona dalili mapema akaacha. Dalili gani? Praima ikilala bapa na bolti ikiwa nzito ujue presha imeshapita zamani, ile sio taa ya kukuonya, ile ni ripoti ya kilichokwisha tokea. Na kuna bunduki hazionyeshi kitu kabisa mpaka siku zinapoonyesha kila kitu kwa mpigo.

Najua huu ujinga umetoka wapi, na ndio unaniuma zaidi kwa sababu una chembe ya ukweli. Zipo baruti ambazo kweli ni moja kwa majina mawili. H110 na W296 ni kitu kimoja. HP-38 na W231 kitu kimoja. H414 na W760 hivyohivyo. Hii inajulikana, wenyewe wauzaji wamesema. Sasa mtu akisikia hilo mara moja basi anatangaza dini, kila baruti yenye namba inayofanana anaiunganisha, 4350 ya Hodgdon na 4350 ya IMR na 4350 ya Accurate zote kwake ndugu wa tumbo moja. Hapana bwana. Tena hata kopo jipya la baruti ileile, likiwa na namba nyingine ya loti, yaani mkupuo mwingine wa kiwandani, mtu mwenye akili anashuka kidogo anapanda upya, maana loti na loti hazitoki sawasawa.

Halafu kuna wale wa chati. Ile chati ya kasi ya kuungua, wanaiprinti wanaibandika gerejini, baruti zimepangwa kutoka inayoungua haraka mpaka ya polepole. Mtu anaangalia anaona ya kwake ni namba fulani na iliyopo dukani ipo mstari mmoja chini yake, anasema aah hizi jirani, kipimo kilekile. Ile chati inakupa foleni tu! Haikwambii kati ya wa mbele na wa nyuma kuna hatua moja au kilomita, na hata foleni yenyewe ukibadilisha kaliba au uzito wa kichwa cha risasi watu wanapishana. Walioitengeneza wenyewe wameandika pembeni kwamba isitumike kubadilishia vipimo, ila nani anasoma pembeni.

Kwenye bastola ndio balaa kabisa kwa sababu makosa hayajifichui. Kuna mzee wangu mmoja namheshimu sana, ana .38 Special, miaka na miaka anapima baruti ya Unique kwa kale kakijiko ka plastiki. Unique ikaadimika akanunua Titegroup, kijiko kilekile. Mzee! Unique ni vipande bapa vyepesi vimejaa hewa, Titegroup ni punje nzito zimeshonana, kijiko kimoja kikijaa uzito unazidi. Na Titegroup inahitaji uzito mdogo kuliko Unique. Kwahiyo umekosea mara mbili na makosa yote mawili yanasukuma upande mmoja. Bahati nzuri kijana wake alimuwahi kabla hajapiga hata moja, tukakaa naye jioni nzima tunang'oa vichwa na kile kinyundo cha kung'olea. Kingine, hizi za haraka kama Titegroup zinachukua nafasi ndogo mno kwenye ganda la .38, unaweza kuweka dozi mbili na ganda halimwagiki, usipochungulia kila ganda na tochi hujui. Kwenye ile ya zamani dozi mbili ungeiona tu kwa macho, mkono umezoea hivyo, sasa umebadilisha baruti mkono bado uko kwenye mazoea.

Na msinijibu "si apunguze asilimia 10 tu atakuwa salama". Kwa nyingi ndio, unaanzia chini. Lakini hiyo H110 niliyoitaja Hodgdon wenyewe wanasema usishushe zaidi ya asilimia 3, ukiilegeza sana haiwaki vizuri na nayo ina hatari zake. Ndio maana kila kopo linatakiwa lifunguliwe na jedwali lake. Jedwali la mtengenezaji wa baruti, kwa kaliba yako, kwa uzito wa kichwa chako, unaanza na kipimo cha kuanzia kilichoandikwa pale. Jedwali la shemeji halihesabiki. Hapa sitoi kipimo chochote na anayekuja PM kuomba namjibu matusi.

Kuhusu uhaba, naelewa, wote tunaumia. Baruti hizi uti wa mgongo wake ni nitroselulosi inayotokana na nyuzi za pamba, na tangu vita ya Ukraine ichanganye viwanda vya mizinga vinaigombania. Mwishoni mwa 2023 Vista Outdoor, kampuni ya risasi, walitoa barua ya kupandisha bei wakataja uhaba wa baruti duniani, 2024 Alliant, wauza baruti, nao wakasimamisha kwa muda kupeleka makopo madukani. Ukiagiza mtandaoni unabamizwa ada ya mzigo wa hatari juu yake. Kwahiyo kubadilisha baruti sio dhambi, wote tutabadilisha tu, mimi mwenyewe nimebadilisha. Tatizo ni kubadilisha kopo bila kubadilisha kipimo, na mbaya zaidi kumfundisha mwenzako afanye hivyo wakati wewe umekaa kwenye kochi.

Na nyie mnaoficha gerejini mpaka dari haionekani, kanuni za NFPA, chama cha Marekani cha kujikinga na moto, kwa nyumba ya kuishi zinasema paundi 20 kwenye makopo yake ya asili, zaidi ya hapo mpaka 50 kwenye sanduku la mbao la maana. Kuna mtu tunamjua hapa ana mzigo wa kufungua duka halafu ndiye wa kwanza kuandika "weka chochote kilichopo". Kilichopo kwa nani?

Kingine ambacho nimekiona kwa macho yangu na sitaki kukiona tena: kopo la maziwa ya unga lina baruti ndani na limeandikwa kwa maka peni "rifle". Rifle ipi?! Nyingi ya hizi baruti ni nyeusi au kijivu, huwezi kuzitambua kwa kuziangalia wala kunusa. Red Dot angalau wameitia vipande vyekundu, nyingine nyingi ni bahati nasibu. Ukimaliza kazi rudisha baruti kwenye kopo lake siku hiyohiyo, mezani liwe kopo moja tu, usiiache kwenye kipimia juu ya presi halafu wiki ijayo unamimina nyingine juu yake. Ikishachanganyika au hujui ni ipi, mwaga kwenye majani huko nje. Najua kopo bei imekuwa ya kuua, mwaga hivyohivyo.

Dogo bunduki ipo kwa fundi inakaguliwa na pesa katoa mfukoni mwake. Nimependekeza tuchange, mpaka sasa kwenye grupu wamejibu watu wawili na wote wawili hawakuwemo kwenye lile jopo la kilekile. Wale watatu namba zenu za simu ninazo, ankara ya fundi ikitoka naipiga picha naituma kwa kila mmoja. Na mwenye kujua duka lolote kati ya Dallas na Houston lenye H4895 kwa bei ya kibinadamu aandike hapo chini, ila asiniandikie "kuna nyingine inafanana nayo".