Masinia ya mapambo ya udongo usiochomwa: kwa nini yanapindika yakikauka?

Mpambaji wa Tanga

Habari zenu wanajukwaa. Natengeneza masinia ya mapambo kwa udongo mweupe wa pakiti, ule unaokauka kwa hewa bila kuchomwa, na nakusudia kuwauzia watu wanaoandaa harusi, ambao hupanga juu yake mrashi, chetezo na vikombe vya kahawa. Umbo ninalolitumia ni la yai, lenye urefu wa sentimita 30 hivi na ukingo mfupi ninaoubandika kuzunguka kitako. Sinia likiwa bichi halina kasoro, lakini likishakauka ncha zake huinuka, likawa linayumba mezani, na pale ukingo unapokutana na kitako hutokea ufa mwembamba. Nikilianika juani hali huzidi. Je, tatizo ni udongo wenyewe, unene wake, au namna ninavyokausha? Na je, ipo vanishi itakayolifanya sinia lisiharibiwe na maji?

Ukili

Ndugu mpambaji, udongo wako hauna neno. Shida iko katika kukausha. Udongo wowote husinyaa maji yanapotoka, na sinia lililolazwa juu ya meza ya plastiki hupoteza maji upande wa juu tu. Uso wa juu husinyaa kwanza huku chini kukiwa bado kubichi, nao ndio unaozivuta ncha kwenda juu. Jua huongeza tofauti hiyo ya pande mbili, ndiyo maana linakuharibia.

Anza na unene ulio sawa. Weka fito mbili za mbao zenye unene wa milimita 6 kila upande wa udongo, kisha sukuma kwa kifimbo cha chapati mpaka kifimbo kikae juu ya fito. Laza sinia juu ya ubao usiopakwa rangi au kipande cha jipsamu, kwa kuwa vyote viwili hunyonya maji kutoka chini, ulifunike kwa nailoni bila kubana, na uliache kivulini usiku wa kwanza. Likikazika kiasi cha kuweza kushikwa, lifunike kwa ubao wa pili na uligeuze likiwa katikati ya mbao hizo, kwa sababu ukilinyanyua kwa mkono mmoja utalipinda, nalo litarudia pindo hilo hilo likikauka hata ulinyooshe vipi. Endelea kuligeuza kila siku. Pwani yetu ina unyevu, na wakati wa masika kazi hii haiharakishwi. Ligusishe shavuni: likikupa ubaridi, ndani bado kuna maji.

Kuhusu ufa, mimi nisingebandika ukingo kabisa. Kata udongo mpana kuliko kitako, uulaze ndani ya sahani yenye umbo unalolitaka, iliyotandikwa nailoni, ili ukingo uinuke kutoka udongo ule ule. Usiulaze juu ya mgongo wa sahani, maana udongo unaposinyaa juu ya kalibu ngumu hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka. Ukiwa ndani, hujiachia wenyewe. Ikiwa ni lazima kubandika, kwaruza pande zote mbili kwa uma, paka uji mzito wa udongo huo huo, na hakikisha vipande vyote viwili vina unyevu ulio sawa.

Fundi Vanishi

Naongezea katika swali la mwisho, kwa kuwa mteja atakulaumu hapo zaidi kuliko kwenye ukingo. Hakuna vanishi itakayougeuza udongo huu kuwa kauri. Chungu cha mfinyanzi hakiyeyuki kwa sababu moto, unapopita nyuzijoto 600 hivi, huondoa hata maji yaliyofungamana na udongo wenyewe, na baada ya hapo haurudi kuwa tope. Udongo wako haujapita huko. Vanishi ni ngozi tu. Ikikwaruzwa, maji ya mrashi yataingia na sinia litalainika.

Tumia vanishi ya maji, kwani ya mafuta huufanya weupe uwe manjano kadiri muda unavyokwenda. Paka tabaka 2 au 3 nyembamba juu, chini na pembeni, baada ya sinia kukauka kabisa. Gundi nyeupe ya mbao, ambayo wengi huipaka kama vanishi, hulainika tena ikilowa. Vikombe viwekwe na visahani vyake, na chakula kisiguse sinia. Chetezo chenye makaa kisikae humo hata kidogo.

Ukili

Nakubaliana nawe kuhusu chetezo, ila kwa mrashi nadhani inatosha kuweka kitambaa kizuri chini yake. Watu wa harusi hupenda kitambaa hata hivyo.

Mpambaji wa Tanga

Nashukuru sana. Chetezo nitakiondoa katika maelezo ninayowapa wateja. Je, nyufa nyembamba za masinia yaliyokwisha kukauka zinazibika, au niyatupe?

Ukili

Usiyatupe. Lowesha ufa kidogo kwa brashi, jaza uji mzito wa udongo, na urudie ukishakauka, kwa kuwa kijazo nacho husinyaa. Kisha piga msasa laini ukiwa umevaa barakoa. Yaliyopindika sana, hata hivyo, hayanyooki. Hayo yatumie kujaribia rangi.